Gitaa Lililofichwa Kwenye Karafuu

Nimenunua magitaa mengi maishani mwangu, na hata moja halikuwa langu. Mie si mpigaji. Sikio sina, sauti sina, na nikianza kuimba mke wangu huenda kuangalia jikoni kama kuna kitu kinaungua. Mie ni seremala. Lakini kwetu Pemba, miaka ile kabla ya uhuru, ukitaka kununua gitaa ulimtafuta seremala aende nawe dukani, kama unavyomtafuta mtu anayejua ng'ombe unapokwenda kununua ng'ombe. Kwa Chake Chake na vijiji vya karibu seremala huyo alikuwa mie, na kabla yangu alikuwa Mzee Faki, aliyenifundisha kazi.

Nawaona nyie vijana mnanunua gitaa kwenye simu. Mnatazama picha, mnatuma pesa, kitu kinakuja na sanduku lake. Sina ugomvi na hilo. Nataka mjue tu sisi tulivyokuwa tukifanya, halafu mfanye mnavyotaka, maana mtafanya mnavyotaka hata nikisema.

Mzee Faki alinifundisha kununua gitaa kabla hajanifundisha kulitengeneza. Lishike tumboni, alisema, kichwa chake kielekee mlangoni penye mwanga. Fumba jicho moja, tazama shingo kama unavyotazama ubao uliotoka kupigwa randa. Shingo ikiwa imejikunja, rudisha, hata kama lina nakshi za lulu. Kisha tia pua kwenye tundu unuse. Likinuka ukungu, limelala pabaya. Litikise. Ukisikia kitu kinatembea ndani, si chako hicho kitu, mwachie mwenye duka. Na mwisho, usimwonyeshe mwenye duka kwamba umelipenda. Hili la mwisho alilisisitiza sana, na yeye mwenyewe alikuwa haliwezi kabisa. Akiona mbao nzuri alianza kuipapasa na kuiambia mashaallah, na bei ikapanda pale pale.

Safari yangu ya kwanza ya kununua peke yangu nilitumwa Unguja na kikundi kimoja cha vijana wa Mkoani waliokuwa wakipiga maharusini. Gitaa nililipata zuri, ila halikuwa na sanduku. Nikaogopa jua na maji ya chumvi melini, nikalifunga kwenye shuka jeupe jipya na kulipakata mikononi safari nzima. Bahari ilikuwa mbaya, nikatapika mpaka sikubakiwa na kitu. Tulipofika gatini Mkoani, wazee waliokuwa wamekaa juu ya magunia waliona kijana anateremka ngazi, macho mekundu, uso umemshuka, kapakata kitu kirefu ndani ya shuka jeupe. Wakainuka wote.

Kwetu maiti ya mtoto haipiti watu wakabaki wamekaa. Unainuka, unasindikiza japo hatua chache, na ukiweza unampokea aliyebeba, kwa thawabu. Mie sikuelewa. Nilidhani wamenipa heshima kwa ajili ya gitaa, nikanyoosha mgongo. Nyuma yangu nikasikia watu wanasoma kwa sauti ya chini. Mzee mmoja akanijia ubavuni, akasema, "Lete, baba, nikupokee." Nikampa. Alitembea kidogo, mkono wake ukipapasa juu ya shuka, kisha akasimama.

"Kijana," akasema, "huyu marehemu mbona ana vigingi kichwani?"

"Ni gitaa, mzee."

Hakunirudishia. Aliwatazama wenzake, wenzake wakatazama bahari. Halafu akaendelea kulibeba taratibu mpaka kwenye gari la abiria, akaniwekea mapajani. "Nishatia niya," alisema, "na Mungu ndiye ajuaye." Tangu siku ile magitaa yote nayafunga kwa gunia.

Nakusimulieni hayo mcheke kidogo, maana habari niliyokusudia si ya kuchekesha sana. Ni habari ya Bi Mize. Kila nikiambiwa nieleze habari za kununua gitaa, huyo ndiye anayenijia.

Bi Mize alikuwa mjane wa upande wa Wambaa. Mumewe alimwachia mikarafuu michache kilimani na mtoto mmoja wa kiume, Shaame. Shaame nilimjua kabla ya kumjua mamake. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja mjini, akapita kibandani kwangu, akasalimia, akakaa, na muda si muda macho yake yakaenda kwenye gitaa la mtu nililolitundika gundi ikauke.

"Fundi Kombo, nilijaribu?"

Nilimwachia, kwa sababu nilihitaji mtu mwenye sikio wa kuniambia kama kazi yangu imekaa sawa. Ndivyo alivyojifunza, kwa magitaa ya watu, Ijumaa hadi Ijumaa. Akipiga, wapita njia walisimama. La kwake hakuwa nalo na wala sikumsikia akilitamani. Kazi yake ilikuwa kuchuma karafuu, na huko juu ya miti nako alikuwa na jina lake. Wachumaji kwetu huimba wakiwa juu. Mmoja anatoa mti huu, mwengine anaitikia mti ule, na wanawake walioko chini wanajua mtoto wa nani yuko mti gani kwa kusikia sauti tu. Bi Mize aliwahi kuniambia kwamba msimu wa karafuu alikuwa hainamishi kichwa, shingo ilimuuma kwa kutazama juu.

Msimu mmoja tawi likamvunjikia Shaame. Uhai ulibaki. Mguu aliungwa na mganga wa mifupa, ukaungana vibaya, ukawa mfupi kuliko mwenzake. Ijumaa hakuja tena. Niliuliza habari zake mara mbili tatu, nikaambiwa yupo, anakaa nyumbani, hasemi sana. Niliona huruma, kisha nikarudi kwenye kazi zangu, kama watu wanavyofanya.

Siku moja mwanamke mwembamba aliyejitanda buibui akapiga hodi kibandani.

"Weye ndiye fundi Kombo?"

"Ndiye, bibi. Karibu."

"Nataka gitaa."

"Limevunjika wapi?"

"Halijavunjika. Sinalo. Nataka twende ukanichagulie."

Nikamuuliza la nani. Akasema ni la mwanawe Shaame, na kwamba Shaame hajui, na nikimwambia basi mie na yeye tumekosana. Nikamwambia, bibi, kumnunulia mtu kitu bila ya yeye kujua ni hatari, huenda asilitake. Bi Mize akakaa kwenye kigogo changu cha kupasulia mbao, akaweka mikono magotini.

"Anasema msimu ukifika atapanda," akasema. "Kwa mguu ule. Mie nimesema mpaka basi, wajomba zake wamesema mpaka basi. Ananijibu, mama, mie kazi nyengine sina. Basi nataka nimtie kazi nyengine mkononi, nimwone atanijibu nini. Sitaki apate jina, sitaki aende popote. Namtaka mwanangu chini."

Nilikuwa kijana wakati ule. Nikaona ni mama anayemdekeza mwanawe tu. Nikachukua kofia yangu tukaenda.

Siku hizo siasa ilikuwa imepanda vichwani mwa watu, hata chumvi mtu akichagua duka la watu wa chama chake. Njiani nikamuuliza Bi Mize angependa tuanzie duka gani, nisije nikamuudhi. "Mie sinunui chama," alinijibu. "Nanunua gitaa." Nikampeleka kwa yule mwenye duka aliyekuwa nayo mengi.

Nikafanya kazi yangu kama nilivyofundishwa. Nikatazama shingo, nikanusa, nikatikisa, nikachagua moja la rangi ya asali, shingo imenyooka safi. Nikampa Bi Mize alishike. Hakulishika kama watu wanavyoshika gitaa. Aliliweka wima mapajani, akakunja kidole, akaanza kuligonga. Ko, ko, ko. Akasogea chini, akagonga, akasogea ubavuni, akagonga. Ndivyo wanawake wanavyogonga chungu sokoni kusikia kama kina ufa. Mwenye duka akaniangalia, nami nikaangalia dari.

"Hiki kimepasuka," akasema.

"Bibi, gitaa si chungu," nikamwambia.

"Najua si chungu. Kimepasuka hapa."

Nikachukua kioo cha mwenye duka, nikatazama kwa ndani. Kibao kimoja cha kushikilia uso wa gitaa kilikuwa kimeachia gundi upande mmoja, pale pale alipogonga. Lingepelekwa nyumbani lingekaa mwezi, halafu likaanza kukoroma kila ukipiga uzi mnene. Basi akagonga yote yaliyokuwapo mle dukani, mwenye duka akipangusa jasho, na akatoka na jengine, dogo kidogo, la rangi ya kahawia. Tangu siku hiyo mie nagonga. Na nyie gongeni. Kama sauti yake ni kavu mahali pamoja na kwengine kote inajibu, rudisheni.

Kisha ikaja habari ya bei. Bi Mize akatia kidole kwenye tundu la gitaa.

"Hili lina tundu," akamwambia mwenye duka.

"Yote yana tundu, bibi."

"Basi yote punguza."

Hakutabasamu hata kidogo. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafanya mzaha. Mwenye duka akapunguza, nadhani kwa sababu alitaka tuondoke.

Nikampa maelekezo ya kulitunza, yale yale ninayompa kila mtu. Usiliweke juani. Usiliweke penye unyevu. Na jihadhari na dumuzi, maana dumuzi wanapenda mbao hizi. Alisikiliza vizuri, akarudia moja moja mpaka nikaridhika kwamba ameelewa. Kumbe shida yote ilianzia hapo, kwamba alinielewa vizuri mno.

Ukapita muda. Miezi ya kiangazi ikapita. Mikarafuu ikaanza kuweka vishada, watu wakaanza kukarabati majamvi ya kuanikia. Mchana mmoja Bi Mize akaja na mzigo kichwani umefungwa kanga. Mzee Faki alikuwa amekaa mlangoni kwangu, keshastaafu, lakini kila siku alikuja kunionyesha makosa. Bi Mize akautua mzigo juu ya meza, akaufungua, na kibanda kizima kikanuka karafuu.

Uso wa gitaa ulikuwa umepasuka kutoka chini ya daraja mpaka ukingoni. Ukucha wangu ulizama kwenye ufa. Daraja lenyewe, hicho kipande kinachoshika nyuzi tumboni, lilikuwa limenyanyuka upande mmoja, na mgongo wa gitaa umebonyea kwa ndani.

"Limegombana na nani?" nikauliza.

"Halijaguswa na mtu," akasema Bi Mize. "Nimelitunza kama ulivyoniambia."

Akatueleza. Alitaka kulitoa siku yenyewe uchumaji unapofunguliwa, Shaame asipate nafasi ya kubishana. Kwa hivyo ilibidi alifiche. Na nyumbani kwake alikuwa na sanduku kubwa la mumewe, limejaa karafuu kavu alizozibakisha akisubiri bei ipande. Akafikiri. Mle jua haliingii. Mle unyevu hakuna. Na dumuzi hagusi karafuu, hata mchwa hagusi. Akalilaza gitaa katikati, akalifukia, akafunga sanduku kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

Mzee Faki alicheka mpaka akavua kofia kujipepea. Kisha akamuuliza, kwa adabu, "Bi Mize, karafuu kavu ukiwekea mtungi wa maji chumbani, inakuwaje?"

"Inakunywa," akasema. "Inaongeza uzito." Alijibu upesi, halafu akageuka kutazama mlangoni, kwa sababu hilo la kuiongezea uzito kabla ya kuuza kila mtu Pemba analijua na hakuna anayesema amelijuaje.

"Na ukiinyima mtungi, ukaipa gitaa?"

Bi Mize akalivuta gitaa karibu. Akapitisha kidole kwenye ufa.

"Imelinywa," akasema. "Imelinywa gitaa la mwanangu."

Hapo Mzee Faki akaacha kucheka. Mwanamke yule hakulia. Alisema tu, kama mtu anayeeleza njia, kwamba karafuu ilimvunjia mwanawe na sasa imemvunjia na gitaa, na kwamba Shaame keshaitoa kamba yake ya kupandia, keshaipitisha mikononi yote kuitazama kama imeoza, na keshasuka pakacha jipya. Akauliza kama gitaa linatengenezeka. Nikamwambia linatengenezeka. Akauliza kama linatengenezeka kabla ya uchumaji kufunguliwa, nikachukua chungu cha gundi.

Mie nilitaka kulitia gundi siku ile ile, nilibane kwa kamba na vigingi mpaka ufa ufunge, mambo yaishe. Nilikwisha kuanza kuchemsha gundi. Mzee Faki akaniondolea chungu motoni.

"Ukilibana sasa, litafunga hapa na litapasuka kule," akasema. "Limenyang'anywa maji yake. Lirejeshee kwanza."

"Msimu haungoji, mzee."

"Na mbao haijui msimu."

Basi shikeni hili, maana halimo kwenye simu. Gitaa lililokauka usilibane na usilimwagie maji. Litundike kwenye chumba kidogo kisicho na upepo, lisiguse ukuta. Chini yake weka mitungi ya maji iliyo wazi, na gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Funga mlango. Kila asubuhi fungua, tazama, funga. Huna kazi nyengine. Ni kazi ngumu kwa kijana, kwa sababu unaonekana umekaa bure. Mbao itaanza kunywa polepole, mgongo utajaa, na ufa utajifunga wenyewe, mpaka kilichokuwa kinapitisha ukucha hakipitishi hata wembe. Hapo ndipo unatia gundi, na kwa ndani unabandika kipande chembamba cha mbao, kukatiza ufa, usirudi tena.

Bi Mize alikuja mara kwa mara kulitazama. Na kwa kuwa kwetu huendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, alikuja na kitu, leo muhogo wa nazi, kesho madafu. Gitaa halili, tukala mie na Mzee Faki. Alikuwa akisimama mlangoni mwa kile chumba, anachungulia, anauliza, "Leo vipi?" Nami nikamjibu, "Hajambo kidogo," kwa mzaha, mpaka siku moja nikaona kwamba kwake si mzaha, na nikaanza kumjibu sawasawa.

Daraja tulilirejesha mwisho, tukalibana kwa jiwe lililofungwa kitambaa. Nilipotaka kutia nyuzi, Mzee Faki akanizuia.

"Nyuzi usizitie hapa. Zitie kule."

"Kwa nini?"

"Gundi bado mbichi. Usibebe gitaa lililokazwa kwenye gari na mashimo ya njia ile."

Sababu ilikuwa nzuri, sikuuliza zaidi. Asubuhi iliyofuata dereva wa gari la Wambaa akapita kibandani kunifikishia salamu ya Bi Mize, kwamba uchumaji umefunguliwa. Nikafunga gitaa kwenye gunia, nyuzi nikazitia mfukoni, nikapanda gari lake.

Nilipofika kilimani wenzake walikuwa wamekwisha panda, nasikia sauti zao na majani yanavyotikisika. Shaame alikuwa chini ya mkarafuu mmoja mrefu, kamba begani, pakacha mgongoni, anavua viatu. Nilikuwa sijamwona tangu kuanguka kwake. Alikuwa amekonda.

"Fundi Kombo," akasema, "umepotea njia?"

"Nimeleta gitaa."

"La nani?"

"La kwako."

Alicheka kwanza. Halafu akanitazama, akatazama upande wa nyumba, palipokuwa pakifuka moshi wa jikoni, na uso wake ukafunga. Bi Mize hakutoka. Nilijua yumo humo ndani anasikiliza.

"Mama anadhani gitaa litatulisha," akasema.

"Hilo sijui mie. Mie nimeleta gitaa lisilo na nyuzi, na sikio sina, unajua. Lilikuwa limepasuka. Daraja limetiwa gundi majuzi. Mzee Faki kasema nyuzi zitiwe moja moja, unakaza kidogo, unangoja, unakaza tena. Ukiwa na pupa linang'oka, na mamako hana la pili."

"Nikishuka n'takutilia."

"Ukishuka gari litakuwa limeniacha. Nimeahidi kuliacha likiwa limekamilika."

Akautazama mti. Kutoka juu mtu akamwita, "Shaame, hupandi?"

"Napanda," akajibu. Kisha akanigeukia. "Uzi mmoja basi, uone unavyotiwa." Akaiondoa kamba begani. "Nishikie hii."

Akakaa kwenye mzizi, mguu mbovu kaunyoosha mbele, akaliweka gitaa mapajani na akalinusa. "Linanuka karafuu," akasema. Nikamwambia hiyo ni habari ndefu, amuulize mamake. Akatia uzi wa kwanza, akakaza, akaugusa, akasikiliza. Nikamwambia angoje. Akangoja. Ukalegea kidogo, kama unavyolegea uzi mpya, akakaza tena. Ulipokaa, akanyoosha mkono bila ya kunitazama.

"Lete wa pili. Mmoja peke yake hausemi kitu."

Juu wakamwita tena, akajibu, "Napanda, natia uzi." Wakamwita alipokuwa kwenye wa tatu, akajibu vile vile. Kwenye wa nne waliita na hakujibu, alikuwa ametega sikio juu ya daraja anasikiliza kama linalia. Mie nilisimama pale na kamba yake, jua linanipiga utosini, nikafikiri habari ya Mzee Faki na nyuzi zake. Gundi ile ilikuwa haihitaji ungojaji wote ule. Nilifanya kazi ya gundi miaka mingi baadaye, na najua ninachokisema.

Uzi wa sita ulipokaa sawa, wanawake walikuwa wamekwisha tandika jamvi na kumwaga mapakacha ya mwanzo, wanachambua, karafuu huku na makonyo, vijiti vyake, kule. Juu ya mti mmoja akatoa wimbo wa wachumaji, ule ule Shaame aliokuwa akiuitikia kila msimu. Ukafika pahala pake pa kuitikia. Tangu aanguke pahala pale palikuwa kimya. Shaame akaitikia kwa gitaa, palepale mzizini, na yule wa juu akasita, kisha akatoa tena kwa nguvu zaidi, na miti mengine ikaingia.

Baadaye alipiga harusi nyingi, Wambaa na Chake na kwengineko, na gitaa lile ulilijua kwa pua kabla hujalisikia. Ufa wake ulibaki unaonekana, msitari mwembamba kama unywele. Wapigaji wa mjini walikuwa bora kuliko yeye, sitakudanganyeni. Alikula, akaoa, akamlisha mamake.

Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo. Bi Mize alitoka jikoni, mikono ina unga, akaja akakaa kwenye jamvi na wenzake, mgongo kampa mwanawe. Akavuta kishada, akaanza kuchambua. Kichwa alikiinamisha. Nikachutama karibu yake, nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama fundi anavyomuuliza mwenye mali, "Bibi, umeonaje? Sauti yake imekaa vizuri?"

"Mie sijui kitu cha gitaa, fundi," akasema, na vidole vyake havikusita. "Namsikia mwanangu yuko chini."

Nikaondoka kuwahi gari. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nilipoona kwamba kamba ya Shaame ningali nimeishika mkononi. Nilikaa nayo kibandani miaka, kwenye msumari, mahali ambapo Shaame, aliporudi kuja kila Ijumaa, alikuwa akiiona. Hakuiulizia.